Hodi Kwenye Mlango Wangu Mwenyewe

Vijana wa bodaboda wa kona yetu, hapa Madale, walikuwa na mzaha wao juu yangu. Wakiniona nimesimama nje ya nyumba niliyoijenga kwa kiinua mgongo changu, mfuko wa mkate mkononi, nikiita hodi kama mgeni aliyetoka safari, mmoja alipaza sauti: "Mzee, leo umepewa talaka?" Mwingine akadakia: "Bimkubwa kabadilisha kitasa!" Nami niliwapungia mkono nikaendelea kungoja. Ni watoto wema, wakiniona napandisha kilima mguu ukiniuma hawakubali niende kwa miguu. Lakini sikuwaeleza. Yaliyokuwa ndani ya nyumba hayakuwa yangu kuyaeleza, na hata sasa ninapoyaandika nimeondoa kila jina, kwa sababu mwenye habari hii bado ni mtoto, na anajua kusoma. Nimemwomba ruhusa. Alifikiri siku kadhaa, akasema niandike, ila nisiseme shule yake.

Sisi wa Pwani tumelelewa na hodi. Mtoto anaijua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati lake. Unasimama pembeni mwa mlango, si mbele yake, ili macho yasitangulie kuingia. Unaita. Ukikaribishwa unaingia. Usipojibiwa unangoja kidogo, unaita tena. Ya tatu ikipita kimya, unageuka unakwenda zako bila kinyongo, hata kama umesikia mtu anakohoa ndani. Ndivyo nilivyosomeshwa, na ndivyo nilivyowasomesha watoto wa watu madrasani Temeke kwa miaka mingi, jioni, nikishatoka kwenye kazi yangu ya ukarani bandarini. Niliisomesha kama adabu ya mgeni. Kwamba ni haki ya aliyeko ndani nilikuwa nikiisema, lakini nilikuwa naisema kwa ulimi tu.

Tulikuwa tumebaki wawili, mie na mke wangu. Watoto wetu wameshakuwa na nyumba zao. Siku moja baada ya sala ya Ijumaa afisa wa ustawi wa jamii, binti mdogo mwenye sauti ya upole, aliruhusiwa kuzungumza na waumini. Alisema kuna watoto wanaoondolewa majumbani mwao kwa sababu wanaumizwa, na serikali hutafuta familia za kuaminika za kukaa nao mpaka ustawi na mahakama waamue waende wapi. Alikwenda pia kanisani kwa jirani zetu. Nilifika nyumbani nikiwa bado napima maneno ya kumwambia mke wangu. Nikamkuta anapiga deki chumba cha nyuma. Alikuwa ameshayasikia upande wa wanawake.

"Hicho chumba unakipigia deki ya nini?" nikamuuliza.

"Cha mtoto."

"Mtoto gani?"

"Atakayekuja," akasema, akanipa ndoo nikamwage maji.

Mie nilikuwa na shaka, na shaka yangu ilikuwa ya dini. Nilikwenda Temeke kwa mzee aliyenisomesha ujana wangu, ambaye macho yake yameshafifia lakini kumbukumbu yake haijafifia hata kidogo. Nikamweleza kwamba tumejiandikisha kulea, na tumeambiwa atakayeletwa ni msichana.

"Ana umri gani?"

"Kumi na moja, wanasema."

"Baba yake yu hai?"

"Amefariki. Na mama pia."

"Basi jina la baba yake mwachie. Usimpe lako, hata kwa mapenzi. Ndicho alichoachiwa." Akapapasa kikombe chake. "Huyo atabaleghe mikononi mwenu. Wewe si maharimu wake, wewe ni mwanamume mwingine tu. Mkeo akitoka, wewe kaa nje. Na usiingie mpaka uitikiwe."

"Kwenye nyumba yangu, sheikh?"

"Yeye akilala pale, itakuwa ya nani?" Akaita aongezewe kahawa, mazungumzo yakaishia hapo.

Mtoto akaletwa kwa gari la ustawi, na kiroba kimoja cha nguo. Alikuwa mrefu kuliko tulivyotarajia, na mkimya. Alikuwa akiishi Temeke kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, na mume wa shangazi. Mwalimu wake wa shule ndiye aliyeona kwamba mtoto haegemei kiti. Alipomfunua mgongo, akamchukua mwenyewe hadi polisi, kwenye dawati la watoto, na kutoka pale hospitali. Daktari alisema majeraha yale ni ya waya wa umeme. Nani aliyeushika huo waya, mtoto hakusema. Akiulizwa alitazama vidole vyake. Shangazi na mumewe walisema labda ni huko njiani, mbona watoto wa siku hizi wanapigana ovyo.

Mke wangu ndiye aliyeanza kuelewa. Kabla ya adhana ya alfajiri alisikia maji yakimwagwa polepole uani, kama mtu anayeiba. Ilikuwa ni yule mtoto anafua shuka. Kisha akagundua kwamba godoro linaegemezwa ukutani kila usiku, na mtoto analala sakafuni kwenye mkeka, ili akijikojolea godoro lisijue. Mke wangu hakumuuliza. Alinunua nailoni, akaitandika juu ya godoro chini ya shuka, akalirudisha godoro kitandani, na asubuhi akasema tu, "Sabuni ya kufulia iko kwenye kopo la bluu." Mtoto aliendelea kulala kwenye mkeka. Nguo zake zilibaki kwenye kiroba, zimekunjwa, kiroba kimefungwa. Gari lolote likisimama barabarani, hata liwe lori la saruji kutoka Wazo linalopoza injini, alikwenda kukishika.

Siku ya kwanza niliyorudi nikamkuta yuko peke yake, mke wangu alikuwa sokoni Tegeta. Nikaita hodi. Nikasikia kandambili zikitembea, zikasimama. Nikaita ya pili. Pazia la dirisha likatikisika. Ya tatu, kimya. Nikageuka nikakaa barazani, mkate wangu mapajani, mpaka mke wangu alipopanda kilima.

Ikawa hivyo karibu kila siku. Hata mke wangu alipokuwa ndani nilipiga hodi, naye tukakubaliana asijibu upesi, amwachie mtoto nafasi ya kujibu. Hakujibu. Alikuwa akinitazama kupitia wavu wa dirisha, ananichunguza nitafanya nini hodi zikiisha. Nilikuwa naona kivuli chake. Nami nilikuwa najua, kama mwalimu yeyote anavyojua, kwamba napewa mtihani, na kwamba mtihani wenyewe haukuwa wa siku moja.

Jirani yetu ni mwalimu mstaafu kutoka Moshi, Mlutheri, mwanamke asiyeweza kuona jambo akalinyamazia. "Maalim," aliniambia juu ya ua, "nyumba umejenga wewe, umeme unalipa wewe, unakaa nje kama kuku aliyechelewa banda?"

"Napunga upepo, mwalimu."

"Upepo huo utakupeleka kaburini. Mtoto anadekezwa huyo. Mie ningeshamfundisha."

"Anafundishwa, mwalimu. Anajifunza kwamba tukisema hatuingii, hatuingii."

Lakini tangu siku ile, akiniona barazani, alinitumia kikombe cha chai ya tangawizi.

Ikaja siku ya mvua ya masika. Nilikuwa natoka dukani, mke wangu yuko hospitali kumtazama dada yake, na kibaraza chetu wakati ule kilikuwa na bati fupi lisilomficha mtu. Nikaita hodi zangu. Maji yalikuwa yananitiririka ndani ya kanzu. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nikaanza kwenda kwa jirani, ambaye tayari alikuwa akipiga kelele mlangoni kwake, "Njoo huku kabla hujaota uyoga!" Ndipo nikasikia komeo nyuma yangu. Mlango ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Mwavuli ukatolewa nje, ukalazwa kizingitini taratibu, na mlango ukafungwa tena.

Hakunikaribisha. Alinipa mwavuli. Nilisimama chini yake palepale uwanjani nikamshukuru Mungu kwa sauti, na jirani yangu akadhani baridi imeshanipanda kichwani.

Baada ya hapo alianza kujibu, kwanza kwa swali. "Nani?"

"Mie."

Siku hizo alikuwa ameanza kwenda madrasa ya mtaa wetu, na huko wamefundishwa, kama sisi tulivyofundishwa, kwamba anayepiga hodi akiulizwa hatakiwi kusema "mie", ataje jina lake.

"Mie nani?"

Nikataja jina langu.

"Wako wengi wenye jina hilo."

Nikataja na la baba yangu, na la babu yangu, na kazi niliyofanya bandarini. Kisha, kwa sauti ya karani wa kaunta anayetaka kwenda kula: "Umeleta nini?"

"Mkate na maharage."

"Haya. Karibu."

Mke wangu alikuwa jikoni, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Nisije nikaandika kana kwamba mambo yalinyooka. Shuleni walimwita mtoto wa kupewa. Msichana mmoja alimuuliza mbele ya darasa, "Kwani yule mzee ni baba yako au amekununua?" Alirudi akatuuliza mezani, si kwa hasira, alitaka kujua kweli: "Nikiulizwa nyie ni nani kwangu, niseme nini?" Mke wangu akasema, "Sema bibi na babu wa Madale." Akauliza, "Mpaka lini?" Na hapo sote wawili tulitazama sahani zetu. Hili ndilo ambalo watu hawalioni kwa mtoto anayelelewa nyumba ya watu. Mgongo umepona, chakula kipo, sare ya shule imepigwa pasi, na bado mtoto hajui kama atakuwepo sikukuu ijayo. Anaogopa kupanda mchicha.

Shule zilipokaribia kufungwa, binti wa ustawi alikuja akakaa na sisi barazani. Hakutaka chai.

"Maalim, mama, shangazi yake ameomba mtoto arudi. Na sisi tunatakiwa kwanza tutazame ndugu wa damu. Wamekuja ofisini, wamejieleza vizuri, wamekuja na mjumbe wa mtaa wao."

"Na waya?" mke wangu akauliza.

"Hospitali inasema alipigwa. Haisemi na nani. Mtoto mwenyewe hasemi. Nimekaa naye mara nyingi, mama. Nisipokuwa na neno lake, sina cha kusimamia. Atarudi."

"Mlazimisheni aseme."

"Hatumlazimishi," yule binti akasema kwa upole. "Ameshalazimishwa vya kutosha." Akasema kwamba Jumamosi shangazi atakuja nyumbani kwetu kumsalimia mtoto, peke yake, naye afisa atakuwepo kutazama wanavyokutana.

Siku mbili baadaye shangazi alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa vizuri. "Maalim, shikamoo. Nakuheshimu sana, wewe ni mtu wa dini. Sasa unakaaje na msichana anayekua, asiye maharimu wako? Watu wanasema. Dini hairuhusu. Mrudishe kwa damu yake, upate thawabu."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu yalikuwa maswali yangu mwenyewe, yamechukuliwa na kugeuzwa. Nilimjibu, "Ndiyo maana napiga hodi, mwanangu." Hakuelewa, na sikuwa na namna ya kumwelewesha kwa simu.

Mke wangu alinibana. "Wewe watoto wote wa Temeke walikuwa wanakwambia siri zao. Mwambie aseme. Neno moja tu." Nilitaka sana. Nilikwenda hadi mlango wa chumba chake, ulikuwa umerudishwa, nikainua mkono kugonga, nikaushusha. Ningemwambia nini? Kwamba mlango wake tunauheshimu, ila mdomo wake tunaufungua kwa nguvu? Nikarudi nikatandika msala. Usiku ule godoro liliegemezwa tena ukutani. Alikuwa amesikia yote, watoto kama hawa husikia yote.

Jumamosi asubuhi mke wangu aliitwa msibani, jirani wa dada yake amefiwa, akaenda akisema atawahi kurudi. Nami, kama desturi, nikatoa kiti changu nje. Mtoto akafunga mlango kwa komeo. Nilikuwa nasoma barazani pikipiki mbili ziliposimama. Shangazi aliteremka kwenye moja. Kwenye ya pili, mumewe. Walikuja mapema kuliko walivyoambiwa, na yeye hakualikwa.

Alikuwa mtu nadhifu, shati limenyooka. Nasema hivi kwa sababu nilikuwa nimejitengenezea sura nyingine kichwani.

"Shikamoo, maalim," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Karibuni barazani. Ndani siwakaribishi, mama katoka."

"Tumekuja kumwona mtoto wetu," mume akasema.

"Yuko ndani. Pigeni hodi."

Shangazi akasogea. Alikuwa amebeba mfuko wenye gauni jipya, pindo lake jekundu linaonekana. "Hodi! Hodi mwanangu, ni shangazi yako." Nikasikia kitanda kikilia ndani, kisha hakuna kitu. "Hodi, mama. Nimekuletea gauni la sikukuu." Kimya. Akanitazama. Nikamwinulia kidole kimoja, kwamba bado ana hodi moja. "Hodi," akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikuwa imepungua.

Pazia halikutikisika.

"Basi," nikasema. "Kaeni hapa tumsubiri dada wa ustawi. Hajawakaribisha."

Mume akacheka. "Nani hajatukaribisha? Maalim, nyumba si yako?"

"Yangu. Mie mwenyewe sijaingia tangu mama atoke."

"Mzee wangu, tusichezeane. Mtoto nimemlisha mie, kalala kwangu, nimemvisha. Leo nimpigie hodi? Mtoto?" Na hapo akapita mbele yangu akashika kitasa.

Mie si mtu wa nguvu, goti langu la kulia halinisikilizi. Niliinuka nikaweka mkono wangu juu ya mkono wake, juu ya kitasa. "Hodi zimeisha, bwana," nikamwambia. "Tatu zimeisha. Rudi ukae." Akasukuma. Komeo likalia lakini likashika. Wale vijana wa kona walikuwa wameacha utani wao, wanakuja wanatembea polepole, kofia za pikipiki mikononi. Jirani yangu alikuwa ameshafika uani, mwiko mkononi. Na bajaji iliyomleta binti wa ustawi ndiyo ilikuwa inasimama, akateremka akatukuta hivyo, mikono miwili juu ya kitasa kimoja.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ileile iliyoniuliza nimeleta nini.

"Huyo hapigagi hodi."

Jirani yangu akashusha mwiko wake.

"Anaingiaga tu. Alfajiri anakuja kugusa godoro. Likiwa bichi anatoka, anarudi na waya. Siku nyingine likiwa kavu pia anarudi nao. Shangazi anakuwa jikoni. Anaongeza sauti ya redio."

Mkono ulioshika kitasa ukateremka. Nikaona yule mtu akitafuta uso wa kumtazama miongoni mwetu, asipate. "Muongo huyo," akasema. "Kikojozi, halafu muongo." Mmoja wa vijana wa bodaboda, yuleyule wa talaka, akamwambia tu, "Braza, toka mlangoni kwa watu." Akatoka. Alipanda pikipiki aliyokuja nayo, akaondoka bila kumwita mkewe.

Binti wa ustawi alisogea, akasimama pembeni mwa mlango, si mbele yake. Sikumfundisha mie, labda alinitazama siku zote zile alizokuja. "Hodi," akasema.

"Karibu, dada. Wewe peke yako."

Komeo likafunguka, likafungwa nyuma yake. Walikaa muda mrefu. Kilichosemwa ndani kimekwenda polisi na mahakamani, na huko ndiko kwake, siwezi kukiandika hapa.

Shangazi alibaki amekaa kwenye ngazi ya baraza, mfuko wa gauni miguuni. Jirani yangu alimletea maji, hakuyanywa. Baada ya kitambo akaniuliza bila kunitazama, "Bado anajikojolea?"

"Hilo ni la kwake, mwanangu."

"Ni mtoto wa kaka yangu," akasema. "Anafanana naye hata kutembea." Alilia kwa utulivu, kama mtu anayeogopa kusikika. Nimeishi miaka mingi nikiwapa watu maneno ya faraja, na siku ile nilitafuta nisipate lililo la kweli. Nilikaa naye tu. Alipoondoka aliliacha gauni juu ya kiti changu.

Binti wa ustawi alitoka, macho mekundu, akaniambia mtoto haendi popote. Atabaki kwetu wakati shauri linaendelea, na likiisha watatazama tena, kwa maana sheria ni sheria na sisi si ndugu. Nikasema alhamdulillahi. Hiyo "watatazama tena" niliisikia. Niliishukuru siku niliyopewa, sikuidai ya kesho.

Alasiri ilikuwa imekaribia na kofia yangu ilikuwa ndani. Nikasimama pembeni mwa mlango wangu. Nikaita hodi, anitolee kofia. Kimya. Nikaita tena. Nikamsikia akivuta kamasi, karibu kabisa na mlango. Ya tatu, kimya. Basi nikaenda msikitini kichwa wazi, na wale vijana wa kona waliponiona napita hivyo hawakusema neno, isipokuwa mmoja alivua kofia yake ya kushonwa, akaikung'uta vumbi kwa adabu akanipa.

Jioni nilikutana njiani na mke wangu anatoka msibani, tukarudi pamoja, nimemsimulia njia nzima. Tulikuta komeo limeondolewa, akatangulia kuingia, akanikaribisha. Godoro lilikuwa kitandani. Mtoto alikuwa amelala juu yake na nguo zake zote mwilini, na mezani palikuwa na wali alioupika mwenyewe ukaungua chini. Gauni mke wangu alilitundika nyuma ya mlango wa chumba. Hajalivaa mpaka leo, wala hajasema liondolewe.

Kabla ya adhana ya alfajiri niliamka kutia udhu, nikasikia maji uani. Shuka lilikuwa limelowa, kama kawaida. Nikasimama nikasikiliza, nikingoja ule mmwago wa polepole, wa kuiba. Badala yake nikasikia sauti yake, ya kawaida kabisa, inamwita mke wangu aje ashike upande wa pili, kwa maana shuka zito la pamba mtu mmoja hawezi kulikamua.

"Bibi, shika vizuri basi. Zungusha. Siyo huko, bibi, huko tunafungua."

"Wewe ndiye unayezungusha vibaya."

"Mie nazungusha kulia!"

Maji yaliyokamuliwa yakaanguka kwa kishindo kwenye sakafu ya uani. Nikachukua kofia yangu, nikatoka kwa mlango wa mbele, nikauacha umerudishwa nyuma yangu.